Mizani ya Nélida

Daktari Iturralde kayapanga mezani matatu
kama mtu anayeuza maandazi ya jana.
"Shika," anasema. "Usiogope. Pima."

Ananiambia mimi nipime!
Mimi niliyekata jibini miaka thelathini na mmoja
nyuma ya stesheni hapa Tandil,
kiganja kikisema mia tatu na arobaini,
mizani ya umeme ikiitikia: na mbili.

La maji ya chumvi nalitikisa sikioni.
Linacheka peke yake, kloku, kloku.
Uzuri wake ni kwamba haliwezi kudanganya:
likitoboka, mwili unainywa chumvi na mambo yamekwisha,
umelala na titi, umeamka na mfuko.
Ubaya ni mikunjo. Kwa mwanamke mwembamba
(akatazama kifua changu, akatazama karatasi)
ngozi huonyesha mawimbi pembeni,
shuka ambalo hakuna aliyelipiga pasi.

La silikoni, eh, hili lina adabu.
Limelala mkononi kama jibini mbichi ya Alhamisi,
ile ambayo wateja huibinya bila ruhusa.
Mirta, dada yangu, aliyekuja kunisindikiza,
akalishika, akaona haya, akalirudisha haraka.
"Hili ni mtu," akaninong'oneza.
Lakini likipasuka halisemi.
Linakaa humo ndani, mwaka, miaka miwili,
mpaka mashine ilifichue.
Kwa hiyo picha, foleni, kiti cha plastiki, jibu kesho.
Nilishaolewa na kimya cha namna hiyo;
nilijua kimepasuka siku nilipokuta masanduku yake mlangoni.

La tatu lina umbo la tone, gumu kidogo.
Ukilikata katikati halimwagiki, linashika umbo lake
hata ulale chali, hata usahau.
Ila likizunguka, titi linatazama pembeni
kama kofia ya mlevi.
Ili lisizunguke, mengine huvikwa ngozi ya kukwaruza,
na ngozi hiyo, anasema akishusha sauti,
imehusishwa na saratani fulani. Nadra. Nadra sana.
Neno hilo tunafahamiana.
Lilikuwa kwenye karatasi yangu ya kwanza.

Kuna pia kukata nyama ya tumbo na kuipandisha juu:
saa nyingi mezani, kovu kutoka nyonga hadi nyonga,
lakini joto lake ni lako.
Na kuna kutofanya chochote.
Hilo hakuliweka mezani; nililiongeza mimi.
Nikalipima. Halikuwa jepesi kama nilivyodhani.

"Na haya yanadumu?"
"Miaka kumi, kumi na mitano, zaidi pengine. Si ya milele."
Nikahesabu: nitakuwa na sitini na tisa,
mikono inatetemeka, na nitakuwa hapa tena, nikipima.

Tulirudi kwa miguu, kilima kikiwa mbele yetu.
Mji huu ulikuwa na jiwe kubwa ukingoni,
likicheza kwa upepo bila kuanguka,
hadi siku moja ya mwaka 1912 likaanguka.
Karibu karne nzima tulitazama pengo.
Kisha wakaleta la bandia, tupu ndani,
wakalifunga lisicheze.
Wageni hulipiga picha. Sisi tunajua.
Na bado Jumapili tunapanda, na termosi ya mate,
tunalitazama, tunaona mlima umetimia,
halafu tunaona aibu kidogo kwa kuona hivyo.

Usiku nilivua sidiria gizani
nikalipima la kushoto, lililobaki.
Kiganja kikasema: mia tatu na themanini.
Nikangoja. Hakuna kilichoitikia.

Nikampigia Mirta, saa sita kasoro.
"Lile moja, alisema lilikuwa gramu ngapi?"
"Lipi?"
"Lile uliloonea haya."